Uzi: Kazi ya mhifadhi wa makumbusho huanzia stoo, si ukumbini

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, kila mwaka wahitimu wanapotoka vyuoni hurudi swali lilelile hapa: mtu aliyesoma historia, ikiwa hana wito wa ualimu, aende wapi? Wengi humshauri asome kitu kingine, na mara mojamoja mtu hutaja makumbusho kwa utani, kana kwamba ni mahali pa kukaa karibu na mlango ukikata tiketi na kusubiri mabasi ya wanafunzi. Nimetumikia uhifadhi katika makumbusho ya umma Tanzania Bara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nimeona niieleze kazi hiyo kama ilivyo, pamoja na yale yasiyopendeza, ili kijana anayeifikiria aingie akijua anachokiingia.

Mgeni anayeingia ukumbini huona kabati la kioo, taa na kibao cha maelezo, akadhani hiyo ndiyo kazi ya mhifadhi. Hiyo ni sehemu ndogo, tena ni ya mwisho. Historia ya kitu huandikwa stoo, siku kinapopokelewa, katika daftari la mikusanyo. Mzee akileta kigoda cha kichifu alichoachiwa na babu yake, mhifadhi hatangulizi kuuliza kama ni kizuri au kina thamani gani sokoni. Huuliza nani alikichonga na kwa mti gani, nani alikikalia na katika shughuli zipi, kilipita mikononi mwa nani baada ya hapo, kwa nini kinatoka kwenye ukoo leo, na kama kuna watu ambao kwa desturi hawaruhusiwi kukigusa au hata kukitazama. Kisha hati ya makabidhiano husainiwa na pande zote mbili, kitu hupewa namba, na namba hiyo huandikwa juu ya utando wa akriliki unaoweza kuondolewa bila kuumiza mbao. Hupigwa picha kila upande, na hali yake huelezwa kwa maneno: ufa uko wapi na una urefu gani, mguu upi umeliwa na wadudu. Kitu kisicho na kumbukumbu hizo unaweza kukipanga kwenye kioo na kukimulika vizuri sana, lakini huwezi kusema kwa uaminifu kinashuhudia nini.

Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu makumbusho yetu yalirithi vitu vingi visivyo na maelezo hayo. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940 yakiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na wakusanyaji wa enzi hizo, wengi wao maofisa wa serikali, wamisionari na walowezi, mara nyingi waliridhika kuandika kabila na wilaya. Ngao ina kabila, ngoma ina kabila, mkuki una kabila, lakini mtu aliyevitengeneza hana jina na aliyenyang'anywa hana jina. Mhifadhi mwenye bidii hutumia miaka akirudi nyuma: husoma mafaili ya wilaya katika Nyaraka za Taifa, hulinganisha picha za zamani, na zaidi ya yote huenda kijijini akiwa na picha ya kitu mkononi, akakaa na wazee, akasikiliza. Ukiwa mtu usiyependa kukaa muda mrefu na wazee wanaozungumza taratibu, kazi hii itakuchosha mapema.

Nchi hii ina mfano mzuri wa namna hiyo ya kufanya kazi, tena uliotangulia kabla neno "historia ya umma" halijawa maarufu vyuoni. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa katika maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ili kuandika masimulizi ya wazee, na baadhi ya wazee hao waliyaona mapigano kwa macho yao. Gilbert Gwassa na John Iliffe ni miongoni mwa wanahistoria waliosimama nyuma ya kazi hiyo. Hadi wakati ule, sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu vita hivyo yalitoka kwa maofisa wa Kijerumani walioendesha vita. Mtu anayeandaa maonesho kule Songea leo, ambako kila Februari hukumbukwa kunyongwa kwa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, na wapiganaji wenzake mwaka 1906, ana cha kusema kwa sababu vijana wale walibeba madaftari vijijini wakati wazee wangali hai. Lau kazi ile ingechelewa kwa miaka 15, sehemu kubwa ingezikwa.

Sasa nije kwenye ukumbi wenyewe, na nichukue mfano unaonifanya nikose usingizi kitaalamu. Pale Kalenga, karibu na Iringa, kuna fuvu linalooneshwa kuwa la Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na ambaye kichwa chake kilikatwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Haikukabidhi. Ilipofika 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika makumbusho ya Bremen, palipokuwa na mafuvu mengi ya kutoka Afrika Mashariki, akalinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, akachagua moja lenye tundu lililofanana na la risasi. Mwaka 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Sasa wewe ni mhifadhi, umepewa kibao kimoja chenye nafasi ya maneno kama 70, kwa sababu zaidi ya hapo mgeni hasomi. Utaandika nini? Ukiandika kwa uhakika kuwa hili ndilo fuvu la Mkwawa, umekipa kipimo cha rula nguvu ambayo hakina. Ukiandika kwamba haijulikani ni la nani, ukaishia hapo, umewavunjia heshima watu ambao kwa zaidi ya nusu karne wamelifanyia heshima za ukoo, na umeisahau nafasi ambayo urejeshaji ule ulichukua katika siasa za miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu zake za kutaka urafiki wa Wahehe. Maoni yangu ni kwamba kibao kieleze namna lilivyochaguliwa. Mgeni akishajua kuwa gavana alisimama mbele ya rafu ya mafuvu akiwa na vipimo, atajifunza mengi zaidi kuhusu ukoloni kuliko atakavyojifunza kwa kuambiwa "ni lake" au "si lake". Najua wapo wenzangu wasiokubaliana nami katika hili, nao wana hoja.

Upungufu wa namna nyingine unaonekana katika mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichukua huko tani zaidi ya 200 za visukuku, na mnyama mmoja aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo anasimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Kwa miongo mingi umma ulitajiwa majina ya Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini anayesoma kumbukumbu za uchimbaji humkuta pia Boheti bin Amrani, msimamizi aliyezijua kazi za uchimbaji kuliko wageni wengi, pamoja na mamia ya vibarua na wapagazi waliobeba mizigo hiyo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa. Majina yao yapo kwenye karatasi. Kinachotakiwa ni mtu wa kuyatoa na kuyaweka ukumbini, na mtu huyo ndiye ninayemtafuta kati ya wasomaji wa uzi huu.

Kuhusu hali ya vitu vyenyewe nitasema kidogo, ingawa huchukua nusu ya wiki ya kazi. Pwani yetu ina joto, unyevu na chumvi hewani. Mchwa hula mbao, mbawakawa hutoboa ngoma, kuvu hushika ngozi, na mwanga wa jua hupausha kanga ndani ya muda mfupi, ndiyo maana nguo na karatasi huwekwa katika mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Kitu kilichoingiliwa na wadudu hufungwa kwenye plastiki na kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa takriban wiki mbili, bila dawa yoyote, kwa sababu dawa kali zilizopuliziwa vitu vya makumbusho zamani huwadhuru wanaovishika hadi leo. Wafadhili hupenda sana kutoa viyoyozi. Ukweli ni kwamba kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na kuzimwa usiku, au kinachokatika umeme unapokatika, huipandisha na kuishusha hali ya unyevu, na mbao iliyozoea unyevu wa Dar es Salaam hupasuka kwa mabadiliko hayo kuliko ingepasuka kwa unyevu wenyewe. Chumba chenye kuta nene, paa lisilovuja na madirisha yaliyopangwa vizuri mara nyingi ni bora, ila huwezi kukizindua kwa kukata utepe.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyalinda moja kwa moja majengo na masalia ya kabla ya mwaka 1863. Pia imevitaja vitu vya kiasili vilivyotengenezwa kabla ya 1940, na milango ya mbao iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka huo. Matokeo yake ni kwamba mlango wa Bagamoyo unaweza kuwa na ulinzi ambao nyumba iliyoubeba haina, mpaka nyumba hiyo itangazwe rasmi. Mhifadhi asiyeijua sheria hii atashuhudia mlango ukipakiwa kwenye lori huku akiwa hana la kumwambia dereva. Zanzibar ina sheria na taasisi zake, na wenyeji wa huko watanisahihisha nikiteleza.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, shikamoo. Nashukuru kwa maelezo haya. Mimi nimehitimu shahada ya historia na sina akiolojia hata kidogo. Naomba kuuliza mambo mawili kwa uwazi. Kwanza, je, mlango wa ajira serikalini upo kwa mtu kama mimi, au ni kwa waliosoma akiolojia na urithi peke yao? Pili, katika kipindi cha kusubiri, ambacho sote tunajua kinaweza kuwa kirefu, nifanye nini ili nisije nikafika kwenye usaili nikiwa na cheti tu?

Mwanzisha uzi

Marahaba, kijana wangu. Nafasi za serikali hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kila tangazo hutaja shahada zinazokubaliwa, hivyo lisome hadi mwisho kabla ya kujikatia tamaa. Waliosoma akiolojia na urithi pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana faida, sitakuficha, kwa kuwa wameshika vitu kwa mikono na wameingia mashimoni. Mwenye historia ana faida nyingine: amefundishwa kusoma waraka na kuutilia shaka. Taasisi ya Makumbusho ya Taifa haina kituo kimoja tu. Kuna Nyumba ya Utamaduni na Kijiji cha Makumbusho hapa Dar es Salaam, Makumbusho ya Azimio la Arusha na ya elimu viumbe kule Arusha, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere Butiama, na ya Maji Maji Songea. Anayekubali kwenda mikoani hupata uzoefu mpana haraka, kwa sababu huko mhifadhi mmoja hupokea vitu, huongoza wageni, huandika maombi ya fedha na hushika ufagio.

Kuhusu kusubiri, usikae mjini ukizunguka na bahasha. Yapo makumbusho madogo ya makanisa, ya misikiti yenye maktaba za kale, ya shule kongwe, ya vyama vya ushirika na ya koo, na mengi hayana daftari la mikusanyo. Omba ruhusa kwa barua, kaa hapo, orodhesha vitu 50 kwa utaratibu nilioueleza juu, vyenye picha, vipimo, hali na masimulizi ya waliovileta. Acha nakala moja kwa wenyewe na ubaki na moja. Mtu anayekuja kwenye usaili na daftari la namna hiyo huulizwa maswali tofauti kabisa na anayekuja na cheti. Jifunze pia kurekodi mahojiano: omba ridhaa ya msimulizi kabla ya kuwasha mashine, taja tarehe, mahali na majina mwanzoni mwa kurekodi, na usimkatize mzee kwa sababu umeona anatoka nje ya mada. Mara nyingi mada yako ndiyo iliyokuwa finyu.

Mchangiaji wa pili

Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni wa Unguja na nimewahi kuwatembeza wageni Mji Mkongwe. Umezungumza juu ya Kalenga, lakini hapa kwetu tunayo Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, ambapo leo pana kanisa kuu la Kianglikana. Wageni huteremshwa katika vyumba vya chini vyenye dari fupi, wakaambiwa kuwa humo ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kuuzwa. Nimeona watu wazima wakitoka humo wakilia. Baadaye nikasikia kwamba wanahistoria wanavitilia shaka vyumba hivyo. Suala langu ni hili, na naliuliza kwa nia njema: ikiwa utumwa ulikuwa kweli, na soko lilikuwa hapo kweli, je, kuna madhara gani chumba kimoja kikisaidia watu kuuhisi ukweli huo? Wewe ungemwambia nini mtembeza wageni ambaye riziki yake iko katika hadithi hiyo?

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza swali zito na sitalijibu kwa mkato. Soko lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia saini na Waingereza Juni 1873, na ujenzi wa kanisa ulianza mwishoni mwa mwaka huohuo. Shaka ya wanahistoria inatokana na hili: jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, lililokuwa hospitali, nalo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Msingi wa jengo la baadaye hauwezi kuwa ghala la soko la kabla yake, isipokuwa mtu alete ushahidi kwamba vyumba vilitangulia.

Madhara yapo, na makubwa zaidi ni haya. Bado kuna watu wanaotaka kuupunguza utumwa wa pwani yetu, waseme ulikuwa mpole au ulitiwa chumvi na wamisionari. Siku mtu wa namna hiyo atakapothibitisha kwamba chumba kimoja si cha watumwa, atautumia uthibitisho huo dhidi ya kila kitu kingine. Tena hatuna haja ya chumba hicho. Katika Nyaraka za Zanzibar mna mafaili ya ubalozi wa Uingereza na kumbukumbu za watu waliojipatia uhuru baada ya amri ya 1897 iliyoufuta utumwa kisheria, ambamo mtumwa si kivuli tena bali ni mtu mwenye jina. Ningependa mgeni ateremke chini, aambiwe wazi vyumba hivi vilijengwa lini na wasiwasi uliopo, kisha apandishwe juu asomewe jina moja, la mwanamke mmoja aliyesimama mbele ya hakimu kudai karatasi yake ya uhuru. Atalia vilevile, na hakuna atakayeweza kumnyang'anya alichokisikia.

Kwa mtembeza wageni, nisingemwambia aiache riziki yake. Ningeiomba taasisi inayomiliki eneo impe maandishi bora na mafunzo, kwa kuwa si haki kumlaumu mtu anayerudia alichoandikiwa. Zanzibar haikukosa wataalamu wa kufanya hivyo. Profesa Abdul Sheriff, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuandika kwa kina juu ya biashara ya watumwa, karafuu na pembe, ndiye baadaye aliyeongoza makumbusho ya Zanzibar na kusimamia maonesho ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani. Ni mfano wangu wa mwanahistoria aliyetoka darasani akaingia ukumbini bila kushusha kiwango cha ushahidi.

Mchangiaji wa pili

Nimekufahamu, Maalim. Umeitaja Beit al-Ajaib ukanigusa pabaya. Jengo lile la 1883 liliporomoka sehemu yake Desemba 25, mwaka 2020, na roho mbili zikapotea. Niongeze tu kwa vijana wanaosoma hapa kwamba kwetu sisi mhifadhi hawezi kuwa mtu wa vitu peke yake. Nyumba yenyewe ni kitu cha kwanza katika mkusanyo, na maji ya mvua yanayopenya katika chokaa na mawe ya matumbawe hayasubiri bajeti ipitishwe.

Mchangiaji wa tatu

Hamjambo nyote. Niko Mombasa. Nataka kuongeza jambo kuhusu Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na ambayo iko katika Urithi wa Dunia tangu 2011. Maonesho yamejaa Wareno, Waomani, mizinga na vyombo vya meli iliyozama 1697 wakati ngome ilipozingirwa. Hayo yote ni ya haki yake. Hata hivyo, kuanzia 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni, na kwa familia nyingi za hapa mjini jina lake lilimaanisha jela kabla halijamaanisha utalii. Ni muda wa miaka zaidi ya 60. Naona kuwa wataalamu wa akiolojia waliolifukua eneo hilo, akiwemo James Kirkman, walitafuta karne ya 16 na 17 kwa sababu ndizo zilizowavutia, na jela ikaonekana takataka ya kuondolewa juu.

La pili ni vigango, yaani nguzo za mbao za kuchongwa za ukumbusho wa wafu. Wamijikenda, hasa Wagiriama, husimamisha vigango kwa ajili ya wazee wa heshima waliofariki, na havihamishwi ovyo. Vingi viliibwa na kuuzwa, vikaishia katika mikusanyo ya Marekani. Viwili vilirudi mwaka 2007 nyumbani hasa vilikoibiwa, kwa sababu mtafiti mmoja alikuwa amempiga picha mwenye boma akiwa navyo mwaka 1985, na picha hiyo ikamwezesha mtafiti huyo kuvitambua baadaye katika makumbusho za huko. Vingine 30 vilivyotoka Denver vilifika Nairobi 2019, lakini havikuwa na kumbukumbu ya nyumba vilikotoka. Sasa mwanzisha uzi anaposema kila kitu kinaanzia kwenye daftari, mimi namuelewa vizuri sana.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, mfano wako wa vigango umeieleza hoja yangu vizuri kuliko nilivyoieleza mwenyewe, na sitaongeza neno hapo. Kuhusu jela, nakubaliana nawe, na ningesukuma mbele zaidi: mtu aliyefungwa au aliyefanya kazi ya uaskari humo mwaka 1957 leo ni mzee sana, kwa hiyo kazi hiyo haiwezi kusubiri maombi ya fedha ya mwaka kesho. Anza na wajukuu, uliza nani alikuwa ndani na kwa kosa gani, tafuta daftari za jela, halafu linganisha. Nakushauri pia ukubali mapema kwamba baadhi ya familia zitakataa majina yao yawekwe ukutani. Kukataa huko nako kuandikwe katika faili, pamoja na tarehe, ili mhifadhi atakayekuja baada yako asiwasumbue tena au asidhani hakuna aliyeuliza.

Mchangiaji wa nne

Mzee, shikamoo. Mimi ni wa Moshi. Wengi tunafahamu habari ya Mangi (chifu) Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na kwamba kizazi chake kimetafuta kichwa chake kwa miaka mingi. Mwaka 2023 Berlin ilitangaza kwamba katika uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,000 ya kutoka Afrika Mashariki, vipimo vya vinasaba vimeonesha uhusiano na watu walio hai Tanzania, ingawa Mangi Meli hakuwa miongoni mwao. Mwaka huohuo, Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha. Ninachotaka kujua ni hiki: mabaki ya wazee wetu yakirudi, makumbusho yana kazi gani nayo? Wengine tunahofia yatatolewa rafu moja na kupelekwa rafu nyingine.

Mwanzisha uzi

Marahaba. Hofu hiyo ina msingi, na kijana anayeingia katika fani hii aitarajie kila atakapokaa na familia. Mtazamo wangu, ambao najua si wa kila mtu serikalini, ni kwamba makumbusho katika jambo hili ni mpokeaji wa muda na mtunza kumbukumbu. Mabaki ya binadamu si vioneshwa. Yakifika, yakae katika chumba tofauti na stoo ya vitu, chenye ufunguo wake na mtu anayewajibika kwa jina, na wenye ukoo waruhusiwe kufika na kufanya wanayotakiwa kufanya kidesturi bila kusainishwa fomu za utafiti. Uamuzi wa kuzika, wapi na lini, ni wa ukoo pale ukoo unapojulikana. Pale ambapo ni eneo tu linalojulikana, mashauriano yawe ya wazi na yasiharakishwe na ratiba ya mgeni wa heshima anayetaka kuhudhuria.

Kazi ngumu ya mhifadhi ni karatasi zinazofuatana na mabaki hayo. Adai faili lote, si muhtasari: nani aliyatoa ardhini au mwilini, aliyapeleka kwa nani, yalipitia taasisi zipi, yalipimwa kwa njia gani na matokeo yalikuwa nini, na sehemu iliyochukuliwa kwa kipimo iko wapi sasa, kwa sababu nayo ni sehemu ya mwili wa mtu. Ile namba ya Berlin iliyoandikwa kwa wino kwenye mfupa huwaudhi watu, na baadhi ya familia wataomba ifutwe kabla ya mazishi. Hiyo ni haki yao. Kabla haijafutwa, ipigwe picha na iandikwe katika daftari letu kando ya jina la mtu, ikiwa jina limepatikana, kwa kuwa namba hiyo ndiyo inayomfungamanisha na barua na orodha zilizobaki Ulaya, na huenda katika orodha hizo kuna ndugu yake ambaye bado hajapatikana.